Tangi la kwanza la samaki wa mapambo Kigoma: mwongozo kamili, kuanzia kioo hadi vifaranga

Anayeishi Kigoma na kutamani kufuga samaki wa mapambo ana bahati ambayo wafugaji wa Ulaya na Marekani huilipia fedha nyingi. Samaki wanaosafirishiwa kwa ndege wanaishi hapa hapa, kwenye mawe ya Bangwe na Jakobsen. Maji ambayo wao huyatengeneza kwa kupima chumvi kijiko kwa kijiko, sisi tunayachota kwa ndoo. Ziwa Tanganyika lina aina zaidi ya 200 za sikilidi, jamii moja na perege na kuhe, na karibu zote hazipatikani kwingine kokote duniani.

Bahati hiyo hiyo ndiyo inayomponza anayeanza. Ziwa liko hapo, kwa hiyo asubuhi anachota maji, mchana anatia samaki, na kabla ya wiki kwisha wameelea matumbo juu. Maji yalikuwa safi, samaki walikuwa wazima, chakula kilikuwepo. Kilichokosekana ni kitu kisichoonekana kwa macho, na sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kitu hicho.

Kwa nini maji yetu hayasamehe uchafu

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua na kinyesi. Chakula kilichobaki kikioza nacho hutoa amonia. Ziwani inatawanyika na kuliwa na bakteria. Tangini haina pa kwenda. Inabidi aina moja ya bakteria iigeuze kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha aina nyingine iigeuze nitriti kuwa nitreti, ambayo samaki huvumilia kwa kiasi. Bakteria hawa huishi juu ya vitu: kwenye sponji ya kichujio, mchanga na mawe. Tangi jipya halina wa kutosha.

Sasa angalia kinachotutofautisha na wengine. Maji ya Ziwa Tanganyika ni ya alkali: pH yake, yaani kipimo cha asidi na alkali ambacho katikati yake ni 7, huwa karibu 9. Amonia ikiwa kwenye maji ya pH 7, haifiki hata sehemu moja katika mia iliyo katika hali ya sumu kali. Iliyobaki haina madhara makubwa. Amonia ile ile kwenye maji ya pH 9 yenye joto la nyuzi 25, zaidi ya theluthi yake ni sumu kali. Ndiyo maana ushauri wa kwenye video za nje, wa mtu anayefuga kwenye maji laini (yenye madini machache) akasema "tia samaki wawili watatu wagumu waanzishe tangi", kwetu ni kuwachoma samaki matamvua. Hapa bakteria wanatangulia, samaki wanafuata.

Tangi na pa kuliweka

Usianze na bakuli wala tangi la lita 20. Maji machache huchafuka haraka na joto lake hupanda na kushuka ovyo. Kwa anayeanza ninapendekeza sentimita 80 urefu, 35 upana na 40 kimo, yaani lita 112 likijaa hadi juu. Fundi yeyote mzuri wa vioo na aluminiamu pale Mwanga anaweza kulitengeneza kwa kioo cha milimita 6, mradi umwambie mambo matatu. Kwanza, aweke vipande vya kioo vya kushikilia kingo za juu ili kioo cha mbele kisivimbe. Pili, kingo zote zisuguliwe zisikate mkono. Tatu, na hili ndilo la kusimamia mwenyewe, silikoni iwe ile inayonuka siki na isiwe na dawa ya kuzuia ukungu. Silikoni nyingi za bafuni zina dawa hiyo, na dawa hiyo inaua samaki. Soma tyubu kabla haijafunguliwa.

Acha silikoni ikauke siku kadhaa hadi harufu ya siki iishe kabisa. Kisha lijaze tangi likiwa nje au juu ya sakafu tambarare, uliache usiku kucha juu ya gazeti kavu. Gazeti likilowa, rudi kwa fundi.

Tangi la namna hii likiwa na maji, mchanga na mawe linakaribia kilo 150. Stuli na meza ya plastiki hazifai. Tafuta meza ya mbao ngumu au stendi ya chuma ya kuchomelea, ipimwe kwa pima maji, na kati ya meza na kioo weka sponji nyembamba au shiti ya styrofoam ili kokoto ndogo isipasue kitako. Liwe mbali na dirisha linalopigwa na jua, na karibu na soketi ya umeme. Likishajaa halisogezwi tena, kwa hiyo amua mahali kwa utulivu.

Vifaa: vichache, lakini visikosekane

Kichujio cha sponji kinachosukumwa na pampu ya hewa kinatosha kabisa. Ni cha bei nafuu, hakimezi vifaranga, na sponji yake ni nyumba ya bakteria. Pampu ikae juu kuliko usawa wa maji, au mrija wake uwe na vali ya kuzuia maji kurudi nyuma; vinginevyo umeme ukikatika maji hushuka mrijani na kuingia kwenye pampu. Kila waya unaotoka tangini uulegeze ushuke chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone likiteremka lidondoke sakafuni, lisiingie kwenye umeme.

Kipimajoto ni lazima. Samaki wa ziwa hili wanataka nyuzi 24 hadi 27, na ndani ya nyumba za Kigoma mjini miezi mingi maji hukaa hapo bila msaada. Pima alfajiri za Juni na Julai ndipo uamue kama unahitaji hita. Ndugu zetu wa Tabora, na wa milimani Kasulu, wasijiulize mara mbili: hita ya wati 100 yenye kujizima yenyewe. Taa ya LED ya kawaida saa 8 kwa siku inatosha. Ikizidi, mwani hutawala kioo.

Kitu ambacho watu hukiruka ili kubana matumizi ni vipimo vya maji, vile vya matone, vya amonia, nitriti, nitreti na pH. Agiza Dar es Salaam ikibidi. Bila vipimo unakisia, na kwa maji ya pH 9 kukosea kidogo kunaua samaki.

Mchanga, mawe na makombe

Mchanga uwe laini. Chekecha mchanga wa kujengea, uoshe kwenye ndoo huku ukikoroga kwa mkono, umwage maji machafu, urudie hadi yatoke meupe. Kazi hii inachosha na huchukua ndoo nyingi, lakini mchanga ulioharakishwa huchafua maji siku nyingi. Sentimita 5 za kina zinatosha.

Mawe yawekwe kwanza, yakalie kitako cha tangi moja kwa moja, ndipo mchanga umwagwe kuyazunguka. Samaki wa ziwa hili wanachimba sana, na jiwe lililokalia mchanga litaporomoka siku watakapouchimba chini yake.

Kisha makombe. Kwenye ziwa kuna konokono aitwaye kitaalamu Neothauma tanganyicense, na makombe yake matupu yamelala sakafuni mwa ziwa kwa wingi mno, sehemu nyingine kama zulia. Samaki wadogo wamefanya makombe hayo kuwa nyumba. Tafuta 15 hadi 20, ukague kila moja kuwa hakuna mnyama ndani, uyachemshe, uyaanike juani. Ukitaka mimea, valisneria hukua ziwani humu humu na hustahimili maji yetu.

Maji

Maji ya ziwa yanafaa kuliko yote, ila yana jambo la kuogopwa: kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa pembezoni na hupenya ngozi. Usichote kwenye magugu wala mahali watu wanapofulia; chota penye maji wazi, kutoka kwenye mtumbwi au jiwe refu, bila kuingia majini. Yamimine kwenye pipa kupitia kitambaa kizito kisichopitisha konokono, ufunike, uyaache siku 3 kabla ya kutia mkono. Vijidudu hivyo visipopata mtu wa kumwingia hufa ndani ya siku mbili hivi. Kwa sababu hiyo hiyo usianzishe mpira wa kutolea maji kwa kuvuta kwa mdomo. Ujaze maji kwanza, uzibe ncha kwa vidole, kisha uachie.

Maji ya bomba ya Kigoma mjini nayo hutoka ziwani, tofauti ni klorini. Yaache kwenye ndoo wazi saa 24 huku pampu ya hewa ikipiga mapovu, klorini itoke, kwa sababu inaua samaki na bakteria kwa pamoja.

Anayetumia kisima au mvua lazima apime. Yakiwa laini, ongeza kwa kila lita 20 kijiko kimoja cha chai cha bikaboneti, ile ya kuumulia keki, pamoja na kijiko kimoja cha chakula cha chumvi ya Epsom. Koroga, subiri siku moja, pima tena. Usitumie magadi ya kulainishia maharage. Hupandisha pH ghafla na huna namna ya kujua umetia kiasi gani cha nini.

Kuwalea bakteria

Jaza tangi, washa kichujio, usitie samaki. Chukua dagaa wakavu 3 au 4 wasio na chumvi, wafunge ndani ya soksi ya nailoni, ning'iniza majini. Wakianza kuoza watatoa amonia, na hicho ndicho chakula cha bakteria. Harufu itakuwepo kidogo, vumilia.

Pima kila baada ya siku mbili na uandike kwenye daftari. Wiki ya kwanza amonia hupanda. Ikizidi miligramu 4 kwa lita, toa dagaa na ubadilishe sehemu ya maji. Baadaye nitriti huanza kuonekana, na hiyo hupanda kwa kasi huku amonia ikishuka. Kipindi hiki ndicho watu hukata tamaa, kwa sababu nitriti hukaa juu siku nyingi kama vile haitashuka. Itashuka. Mara nyingi wiki 4 hadi 6 zinatosha kumaliza mzunguko wote.

Unajuaje kuwa tayari? Tia unga wa dagaa kiasi cha kulisha samaki 5, subiri saa 24, pima. Amonia sifuri na nitriti sifuri, nitreti ipo: tangi limekomaa. Badilisha nusu ya maji ili kupunguza nitreti, na sasa unaweza kwenda kutafuta samaki. Kama una rafiki mwenye tangi la afya, mwombe akukamulie sponji yake ndani ya maji yako. Uji ule wa kahawia umejaa bakteria na hufupisha safari kwa wiki nzima au zaidi.

Samaki gani

Hapa nitasema wazi ninavyoamini: anayeanza aanze na samaki wa makombe, na bora wao kwa kuanzia ni Lamprologus ocellatus. Dume hafiki sentimita 6, jike ni mdogo zaidi. Hana gharama kumlisha, anaishi vizuri kwenye lita 100, na hana nafasi ya kukuchosha.

Mtazame siku ya kwanza akipewa kombe. Hulizunguka, akaingia kinyumenyume, akatoka. Kisha huchukua mchanga kwa mdomo, akautema pembeni, na kupiga mkia kwa nguvu hadi kombe linazama. Huligeuza hadi tundu litazame juu, akaendelea kulifukia mpaka kimebaki kitundu kilicho sawa na sakafu. Jike akija, humpangia kombe lake. Ukiingiza kidole, dume wa sentimita 5 hukifuata akakiuma, bila kujali kuwa unamzidi mara elfu.

Anza na dume mmoja na majike wawili, au vijana 5 uwaache wachaguane. Makombe yawe mengi kuliko samaki, angalau 3 kwa kila mmoja, na yatawanywe, kwa sababu madume wawili wakikaribiana hawatapatana. Kwenye upande wa pili wa tangi, kwenye mawe, unaweza baadaye kuweka jozi ya Julidochromis, samaki wembamba wenye michirizi wasioacha miamba yao.

Neolamprologus brichardi ni chaguo jingine zuri, mwenye mapezi marefu ya kupendeza. Watoto wa uzao uliotangulia hubaki nyumbani na kusaidia kulinda wadogo zao, jambo ambalo ukiliona mara moja hulisahau. Ila wape tangi lao peke yao: familia ikikua, haimwachii mgeni hata kona.

Najua wengi wanamtaka Tropheus duboisi, kwa sababu ndiye anayeonekana ukiogelea kwenye miamba, mtoto wake mweusi mwenye vidoa vyeupe. Ni mzuri kweli, lakini si wa tangi la kwanza. Hugombana, hufugwa kundi la kumi na zaidi kwenye tangi kubwa, na tumbo lake limeumbwa kwa ajili ya mwani. Mlishe dagaa, tumbo litavimba na kundi zima linaweza kufa. Cyphotilapia frontosa hupita sentimita 30, na huishi kina kirefu, hivyo akipandishwa haraka kibofu chake cha hewa huvimba. Waache wote wawili mpaka mikono yako izoee.

Uvuvi wa samaki wa mapambo ni shughuli ya leseni, chini ya Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003. Nunua kwa mwenye leseni, na ukitaka kuvua mwenyewe, anzia ofisi ya afisa uvuvi. Maji ya Hifadhi za Gombe na Mahale hayaguswi.

Siku ya kuwaingiza

Kama samaki wametoka karibu, acha mfuko uelee juu ya maji ya tangi dakika 15 hadi 20 joto lilingane. Fungua, ongeza kikombe cha maji ya tangi kila baada ya dakika 5 hadi 10 kwa muda wa kama saa moja, kisha wahamishe kwa wavu. Maji ya mfuko yamwage nje.

Waliosafiri siku nzima au zaidi kwa basi au treni wanahitaji utaratibu mwingine. Ndani ya mfuko uliofungwa pumzi yao hushusha pH, na amonia iliyojikusanya hulala bila ukali. Ukifungua mfuko hewa inaingia, pH inapanda, na amonia ile inageuka sumu wakiwa bado humo. Hawa walinganishe joto mfuko ukiwa umefungwa, ukishafungua watoe mara moja. Ndiyo sababu ni muhimu kumuuliza muuzaji mapema pH ya maji yake ili uandae yako ifanane.

Zima taa. Usiwalishe siku hiyo.

Chakula na kazi ya kila wiki

Ocellatus hula wadudu wadogo wa majini. Chembe ndogo za dukani zinafaa, na dagaa wakavu wa Kibirizi au Katonga wanafaa pia, mradi wasiwe wa chumvi. Waoshe mchanga wa ufukweni utoke, waanike, watwange, uchekeche upate unga wa chembe laini. Ubane kwa vidole viwili, kiasi wanachomaliza ndani ya dakika 2, mara moja au mbili kwa siku. Siku moja kwa wiki waache bila chakula. Watoto wa nyumbani wanapenda sana kulisha. Waonyeshe kipimo, na kopo liwekwe juu kabatini.

Kila wiki toa robo ya maji kwa mpira, ukinyonya uchafu juu ya mchanga, na urudishe maji yaliyolala, yenye joto sawa na pH sawa. Nitreti isizidi miligramu 25 kwa lita. Sponji ikamulie ndani ya ndoo ya maji uliyoyatoa tangini, kamwe si chini ya bomba, maana klorini itafuta kazi yako ya wiki 6 kwa dakika moja. Wala usioshe sponji na mchanga siku moja.

Umeme ukikatika, samaki wa Tanganyika huathirika mapema kwa kuwa wamezoea maji yenye oksijeni nyingi. Pampu ndogo ya betri ndiyo kinga nzuri. Ukiwa huna, chota maji ya tangi kwa jagi na uyamimine kutoka juu, mara kwa mara, na usilishe mpaka umeme urudi.

Samaki akihema juu ya maji, kabla ya kufikiria dawa pima amonia na nitriti, kisha badilisha theluthi ya maji. Mara nyingi hilo ndilo tatizo lote. Vidoa vyeupe kama chembe za chumvi ni ugonjwa unaoambukiza, na kwa kawaida huletwa na samaki mgeni. Kwa hiyo kila mgeni akae wiki 3 kwenye chombo chake peke yake, chenye sponji yake.

Vifaranga

Jike akianza kutotoka kombeni na dume akawa mkali, subiri. Baada ya siku kadhaa utaona vifaranga wadogo kuliko punje ya mchele wakichungulia kwenye mdomo wa kombe, na kivuli chako kikipita wote wanarudi ndani kwa pamoja. Wape unga uliotwangwa hadi kuwa vumbi. Usiwatenge, mama anawalinda vizuri kuliko wewe.

Wakizidi, wagawie wafugaji wengine au muuzie mwenye duka. Usiwamwage ziwani. Kila kipande cha mwambao wa ziwa hili kina samaki wenye rangi zao, na aliyetoka Kipili hana mahali Kibirizi. Samaki wa kigeni kama gapi na goldifishi ndio kabisa wasikaribie ziwa, wala mto unaoingia ziwani. Maji machafu unayotoa kila wiki mwagia bustani ya mchicha. Nitreti iliyomo ni mbolea.